Wageni wa Kwanza: Safari ya Johann Ludwig Krapf na Mkewe Rosine Katika Pwani Yetu, 1843–1844

Usharika unapoadhimisha miaka 100, ni desturi kuhesabu tangu siku ya ibada ya kwanza, au siku ya ubatizo wa kwanza, au siku lilipowekwa jiwe la msingi. Hesabu hiyo ni ya haki, nayo ina nafasi yake katika kitabu hiki. Hata hivyo, sura hii inarudi nyuma zaidi, hadi wakati ambapo mwambao wote wa Tanga na Pangani haukuwa na shule ya misioni, wala kanisa, wala kengele ya kuwaita watu ibadani.

Inasimulia habari za watu wawili, mume na mke, waliopita mbele ya pwani yetu kwa jahazi mwanzoni mwa mwaka 1844. Jina la mume linafahamika sana: ni Daktari Johann Ludwig Krapf. Mkewe aliitwa Rosine. Vitabu vingi humtaja kwa sentensi moja tu, ile inayoeleza kifo chake. Lakini safari ilikuwa ya wote wawili, na ni vema isimuliwe hivyo, hasa katika mwaka huu ambao tunawakumbuka wote waliotutangulia.

Wazee wetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wasomaji wengi wa historia ya Kanisa huanzia siku ya tatu, siku ya jembe, yaani kazi yenyewe. Sura hii inahusu zile siku mbili za kwanza, siku za ugeni.

Wawili hao walikuwa nani

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alilelewa katika Kanisa la Kilutheri la nchi hiyo, akasoma katika chuo cha misioni cha Basel, Uswisi, na baadaye akasoma teolojia Tübingen. Kwa kuwa wakati ule vyama vya misioni vya Kijerumani vilikuwa bado vidogo, vijana wengi wa Kilutheri waliajiriwa na chama cha Kianglikana cha London kiitwacho Church Missionary Society, yaani CMS. Krapf alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo mtumishi ambaye Waanglikana wa Kenya wanamhesabu kuwa baba yao wa imani alikuwa mtoto wa Kanisa la Kilutheri.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Ethiopia. Alifika huko mwishoni mwa mwaka 1837, na kuanzia mwaka 1839 aliishi katika ufalme wa Shoa, kwa Mfalme Sahle Selassie. Huko aliwafahamu Waoromo, ambao wakati ule watu wa nje waliwaita Wagala. Aliamini kwamba kabila hilo kubwa lingekuwa mlango wa Injili katika Afrika ya kati. Mwaka 1842 aliondoka Shoa kwenda Misri ili kumpokea mchumba wake, akaporwa mali yake njiani, hata hivyo akafika salama. Mchumba huyo alikuwa Rosine Dietrich wa Basel. Walifunga ndoa huko Misri mwaka huo huo wa 1842.

Ndoa yao haikupata siku za utulivu. Walipojaribu kurudi Shoa walizuiwa. Wakajaribu njia ya kaskazini kupitia Massawa, na huko, mwaka 1843, Rosine alijifungua mtoto wa kike njiani, nyikani, kabla ya wakati wake. Walimbatiza jina la Eneba, maana yake chozi. Mtoto hakuishi, akazikwa huko huko jangwani. Mlango wa Ethiopia ulipofungwa kabisa, wakarudi hadi Aden, bandari ambayo Waingereza walikuwa wameitwaa tangu mwaka 1839.

Hapo Krapf akabuni mpango mpya. Ikiwa nchi ya Waoromo haifikiki kutoka kaskazini, basi aijaribu kutoka kusini, kupitia pwani ya Waswahili. Msomaji wa pwani yetu azingatie jambo hili: wageni hawa hawakutoka kwao kwa ajili yetu. Walikuja kutafuta njia ya kwenda kwa wengine, na pwani ilikuwa kama kibaraza cha kupumzikia.

Kutoka Aden kwa jahazi

Wakati huo hapakuwa na meli ya abiria iliyofika pwani hii. Mfereji wa Suez haukufunguliwa hadi mwaka 1869. Aliyetaka kutoka Aden hadi Unguja alisafiri kama walivyosafiri wafanyabiashara wa Arabuni na Uhindi kwa karne nyingi: alisubiri kaskazi, akatafuta nahodha, akapatana naye bei, akapanda chombo.

Pepo za msimu ndizo zilizokuwa ratiba ya bahari. Kaskazi huanza kuvuma karibu na Novemba au Desemba na kuendelea hadi Machi, ikivisukuma vyombo kutoka Arabuni kuja kwetu. Baadaye hugeuka, na kusi huvirudisha vyombo makwao. Nahodha aliyechelewa alikaa ugenini miezi kadhaa. Ndiyo sababu Krapf na mkewe waliondoka Aden mnamo Novemba 1843, mwanzoni kabisa mwa msimu. Upepo ulikuwa bado haujatulia. Chombo chao cha kwanza hakikustahimili bahari, wakalazimika kurudi Aden. Baada ya siku chache wakaondoka tena.

Jahazi la siku zile halikuwa na chumba cha abiria kama tunavyokijua leo. Shehena ilijaa chini, na watu waliishi juu yake, katika jua na umande. Maji ya kunywa yalipimwa. Chakula kilikuwa mchele, tende na samaki, na kilipikwa juu ya sanduku la mchanga ili moto usiteketeze mbao. Kwa mwanamke faragha ilikuwa ndogo mno, labda pazia la turubai karibu na tezi. Chombo kilipita Ras Asir, kwenye Pembe ya Afrika, kikashuka na mwambao wa Wasomali hadi Mogadishu na Barawa, kisha Lamu. Safari nzima ilichukua zaidi ya mwezi mmoja.

Kuna jambo ambalo simulizi nyingi za safari hii huliruka. Mtoto wa pili wa Rosine alizaliwa mwanzoni mwa Julai 1844. Ukihesabu miezi tisa kurudi nyuma, utaona kwamba alikuwa mjamzito tayari walipopanda jahazi pale Aden. Mama huyu, ambaye mwaka ule ule alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza nyikani, alisafiri bahari ya Hindi akiwa na mimba changa, katika chombo kisichokuwa na tabibu wala mwanamke wa lugha yake. Wanawake wa usharika wetu hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Mwishoni mwa Desemba 1843 walifika Takaungu, kaskazini ya Mombasa. Mji huo ulikuwa makao ya tawi la ukoo wa Mazrui, ambao walipoteza utawala wa Mombasa mwaka 1837 mbele ya Sayyid Said bin Sultan. Hapo ndipo Krapf alipoanza kusikia kwa makini lugha ya Kiswahili na kuuliza habari za makabila ya bara. Alikuwa akisema Kiarabu, hivyo aliweza kuzungumza na wenyeji wasomi tangu siku ya kwanza. Kutoka Takaungu waliendelea kwa chombo kidogo zaidi, wakapitia Mombasa katika siku za kwanza za Januari 1844, kisha wakaelekea kusini.

Mbele ya Tanga

Ndipo walipopita mbele ya pwani yetu. Tanga ya mwaka 1844 haikuwa mji wa reli na mkonge. Ilikuwa makazi ya Wadigo, Wasegeju na Waswahili waliojiita Washirazi. Waliishi kwa uvuvi, kilimo na biashara, chini ya wazee wao wenyewe, wakimtambua mtawala wa Unguja. Kutoka Tanga na Pangani misafara iliondoka kwenda bara, hadi nchi ya Wamasai, kutafuta pembe za ndovu. Nyuma ya mwambao huo ilikuwapo nchi ya Simba Mwene Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Washambaa, mwenye makao yake Vuga. Siku ya anga safi, msafiri wa baharini huiona milima ya Usambara ikiinuka upande wa machweo.

Krapf na Rosine waliipita pwani hiyo katika njia ya kwenda Unguja, wakatia nanga huko tarehe 7 Januari 1844. Siku nne baadaye Krapf alitimiza miaka 34.

Hawakuwa Wakristo wa kwanza kufika pwani hii. Wareno walikuwa wameitawala kwa vipindi mbalimbali tangu karne ya 16, na Ngome ya Yesu waliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593 ipo hadi leo. Lakini Wareno walikuja na mizinga na wakaondoka kwa mizinga. Johann na Rosine walikuja wakiwa na masanduku yao tu, na hawakuwa na serikali yao katika nchi hii.

Siku za ugeni Unguja

Unguja ya wakati huo ilikuwa kiti cha Sayyid Said, ambaye alikuwa amehamishia makao yake huko kutoka Omani. Mji ulikuwa wa karafuu, pembe na, kwa huzuni, wa watumwa. Mwanadamu aliuzwa sokoni mchana kweupe. Mkataba wa mwaka 1822 ulikuwa umekataza kuwauza watumwa kwa mataifa ya Kikristo, lakini biashara yenyewe iliendelea, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873.

Balozi wa Uingereza, Kapteni Atkins Hamerton, aliwapokea wageni hao kwa ukarimu. Balozi wa Marekani, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, naye alikuwa mtu mcha Mungu. Ni katika siku za Wamarekani hao ndipo kitambaa cheupe cha pamba kilipopata jina la merikani, jina ambalo bibi zetu walilitumia bila kujua asili yake.

Hamerton alimpeleka Krapf kwa Sayyid Said. Krapf alimweleza mtawala huyo Mwislamu, bila kuficha, kwamba kusudi lake ni kuwafundisha watu wa bara habari za Kristo. Sayyid Said hakumfukuza. Alimpa barua kwa maliwali wake wa pwani, iliyowaeleza kwamba mwenye barua hiyo ni mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu, na kwamba wamtendee wema na kumsaidia. Kwa barua hiyo Krapf aliweza kutua katika bandari yoyote ya pwani bila askari hata mmoja.

Tulitafakari jambo hili. Ruhusa ya kwanza ya kuhubiri Injili katika pwani hii, katika enzi hizi mpya, haikuandikwa London wala Berlin. Iliandikwa na mtawala Mwislamu, kwa Kiarabu, kwa ajili ya mgeni.

Krapf angeweza kubaki Unguja, ambako palikuwa na marafiki na usalama. Lakini moyo wake ulikuwa bado kwa Waoromo. Mnamo Machi 1844 alisafiri kwenda kaskazini kutafuta kituo, akipita tena katika mwambao huu wa Tanga. Alipofika Mombasa aliona kwamba hapo ndipo penye njia za kwenda kwa makabila mengi ya bara. Mnamo Mei 1844 yeye na Rosine walihamia Mombasa.

Mombasa: mwalimu na mwanafunzi

Liwali wa Mombasa, Ali bin Nasir, alikuwa mtu aliyeiona dunia. Alikuwa amewahi kutumwa London kama mjumbe wa Sayyid Said. Aliwapokea vema. Mwenyeji mwingine alikuwa Sheikh Ali, kadhi wa mji. Huyo ndiye aliyekubali kukaa na Krapf na kumfundisha Kiswahili.

Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi huyo. Alichagua kuandika kwa herufi za Kirumi badala ya herufi za Kiarabu ambazo Waswahili walikuwa wakizitumia kwa karne nyingi. Sura tatu za kwanza zilichapwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la chama cha wasomi wa lugha za Mashariki. Kazi iliyoanza meza hiyo ilizaa kitabu cha sarufi mwaka 1850, na kamusi kubwa iliyotoka mwaka 1882, baada ya kifo chake. Ni Krapf pia aliyepeleka Ujerumani mwaka 1854 nakala ya utenzi wa kale unaojulikana kama Utenzi wa Tambuka, akawafahamisha wasomi wa Ulaya kwamba Waswahili walikuwa na fasihi yao kabla ya mmisionari yeyote kufika.

Haifai kuficha kwamba maandishi ya Krapf yana maneno makali juu ya wenyeji wa pwani na juu ya dini yao. Alikuwa mtu wa zama zake. Lakini matendo ya wenyeji wake yako katika maandishi hayo hayo. Aliyemfundisha lugha ambayo Biblia ilifasiriwa kwayo alikuwa kadhi wa Kiislamu.

Kaburi la Nyali

Walifika Mombasa katika msimu wa masika. Baada ya masika maji hutuama kila mahali, na homa huongezeka. Wakati huo hakuna daktari duniani aliyejua chanzo cha malaria. Watu walidhani inaletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, huko Uhindi, alipopata vijidudu vya malaria ndani ya mbu.

Mwanzoni mwa Julai Krapf aliugua homa kali. Rosine akaugua pia, naye alikuwa karibu kujifungua. Alizaa mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine alifariki, na mtoto akamfuata muda mfupi baadaye. Mume alikuwa dhaifu kiasi cha kushindwa hata kusimama vema. Kwa ombi la Rosine mwenyewe hakuzikwa kisiwani, bali ng'ambo, upande wa bara, katika nchi ya Wamijikenda, ili wapitao njia waone kaburi na kukumbuka kilichomleta. Mahali hapo ni katika eneo linalojulikana leo kama Nyali.

Kumbuka kwamba Krapf alikuwa ameanza kutafsiri Mwanzo wiki tano kabla ya siku hiyo. Wasomaji wa Biblia wanajua kwamba katika kitabu hicho Ibrahimu, aliyeahidiwa nchi nzima, hakumiliki hata shamba moja hadi Sara alipofariki. Kipande cha kwanza cha ardhi alichokuwa nacho kilikuwa kaburi la mkewe, nacho alikipata kwa wenyeji, akikiri mbele yao kwamba yeye ni mgeni. Misioni ya pwani hii ilipita njia hiyo hiyo. Kabla ya kuwa na kiwanja cha shule au cha kanisa, ilikuwa na kaburi la mama na mtoto wake.

Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba sasa kuna kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni ishara ya kuanza kwa mapambano, si ya kushindwa. Aliwasihi waiangalie pwani hiyo kama mlango wa bara lote. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi katika vitabu vya misioni. Ni rahisi kuyasoma kama ushindi. Lakini aliyeyaandika alikuwa mjane aliyebaki peke yake katika nyumba ya ugenini, mwenye homa, na kwa karibu miaka miwili baadaye hakupata mwenzake katika kazi.

Kutoka Mombasa hadi Usambara na Tanga

Mwenzake, Johannes Rebmann, alifika Juni 1846, naye pia alikuwa mtu wa Württemberg. Tarehe 25 Agosti mwaka huo walianza kituo cha Rabai. Kwa Waoromo, ambao kwa ajili yao safari nzima ilianza, Krapf hakupata kamwe kufanya kazi kama alivyokusudia. Badala yake miguu yake ilielekea upande wetu.

Mwaka 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara, Krapf alitembea kwa miguu hadi Vuga na kupokelewa na Kimweri. Alimkuta mtawala mwenye nguvu, ambaye mamlaka yake yalifika hata pwani, kiasi kwamba wazee wa baadhi ya miji ya mwambao walitambuliwa na yeye na pia na Unguja. Kimweri alikubali walimu waje. Krapf alirudi kwake mwaka 1852 kupitia Pangani, na ahadi ilikuwa bado ipo. Mwaka uliofuata afya yake ilimlazimisha kurudi Ulaya.

Mwenzake mwingine, Johann Jakob Erhardt, alikwenda Vuga mwaka 1853, na mwaka 1854 aliishi Tanga kwa miezi kadhaa. Akiwa Tanga aliketi na wafanyabiashara wa misafara, akawauliza habari za njia zao, za vituo na za maji makubwa yaliyoko bara. Kutokana na masimulizi hayo alichora ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ziwa hilo moja halikuwapo. Wasimulizi walikuwa wakieleza maziwa matatu, yaani Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Lakini ramani hiyo iliwashtua wanajiografia wa Ulaya, na mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walikuja kutafuta ukweli, nao wakapitia Tanga, Pangani na Vuga. Hivyo maarifa ya wasafiri wa Tanga yalivuka bahari na kuleta wapelelezi, na nyuma ya wapelelezi wakaja watawala.

Waliokuja baadaye

Ahadi ya Kimweri haikutimizwa na kizazi kile. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walianza Magila, karibu na Muheza, katika miaka ya 1860. Walutheri walichelewa zaidi. Chama cha misioni kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886 kilifika Dar es Salaam mwaka 1887 na Tanga mwaka 1890. Mwaka 1891 Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walipanda kwenda Mlalo, na chama hicho, chini ya uongozi wa Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, kikafungamana na Bethel.

Safari ya watumishi hao ilitofautiana sana na ile ya mwaka 1843. Meli za mvuke za kampuni ya Kijerumani zilianza safari za kuja Afrika Mashariki mwaka 1890, kupitia Suez. Abiria alikuwa na kitanda, na tarehe ya kufika ilijulikana kabla hajaondoka.

Lakini tofauti iliyo kubwa zaidi haikuwa ya chombo. Mwaka 1888 pwani iliinuka kupinga Wajerumani, na Abushiri bin Salim aliyeongoza mapambano alinyongwa Pangani Desemba 1889. Walimu wa Injili waliotua Tanga mwaka 1890 waliikuta bendera ya taifa lao ikipepea. Hata kama wao wenyewe walikuja kwa upendo, wenyeji wengi hawakuweza kuwatenganisha na bunduki iliyowatangulia. Krapf na Rosine walikuwa wameingia kwa idhini ya mwenyeji. Hawa waliingia mlango uliokwisha kuvunjwa. Ukitaka kuelewa kwa nini neno la Injili lilikwenda polepole katika miji ya pwani yetu kuliko milimani, hii ni sababu mojawapo ya kutazamwa kwa uaminifu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na sharika zikabaki mikononi mwa wainjilisti, walimu na wazee wenyeji. Hapo ndipo jembe lilipohama. Waliolishika walikuwa watoto wa nyumba, hawakuwa wageni tena. Kutoka kwao likakua Kanisa la Usambara-Digo, ambalo mwaka 1963 liliungana na makanisa mengine sita kuunda Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Tunachokumbuka

Tunapowataja waanzilishi katika sherehe hizi, tuwataje pia wale ambao hawakufikia siku ya tatu. Rosine Krapf hakufungua shule, hakuhubiri, hakuandika kamusi. Aliishi Mombasa kwa muda wa miezi miwili tu. Kwa hesabu ya kazi, hana kitu cha kuonyesha. Hata hivyo alikuja, akijua gharama ambayo alikwisha kuilipa mara moja nyikani, na akaomba alazwe mahali ambapo watu wa nchi hii wangepita.

Tuwataje na wenyeji waliowapokea: mtawala aliyetoa barua, liwali aliyewafungulia mji, kadhi aliyefundisha lugha, Bwana Kheri aliyeongoza njia, Kimweri aliyekubali walimu waje. Wengi wao walikuwa Waislamu, na hawakubadili dini yao. Walimtendea mgeni kama desturi ya pwani inavyoagiza. Katika mji kama Tanga, ambapo mlango wa kanisa na mlango wa msikiti vinaonana, na ambapo jirani huja msibani bila kuulizwa dini, deni hilo si la kusoma vitabuni tu.

Leo sisi ndio wenyeji. Wageni huja katika usharika wetu kutoka nchi nyingi: vijana wa kujitolea, wauguzi, walimu, wenzi wa ndoa waliostaafu wanaotaka kutumika kwa mwaka mmoja au miwili. Hufika kwa ndege, wakiwa wamechoka, bila lugha, na mara nyingi wakiwa na haraka ya kuanza kazi. Tuwape jembe siku ya tatu kama wazee walivyosema. Lakini zile siku mbili za kwanza tuwape maji, mahali pa kulala, mwalimu wa lugha na uvumilivu, kama walivyopewa Johann na Rosine. Mungu awakumbuke wote waliotangulia, wageni na wenyeji, na aubariki usharika huu katika karne inayofuata.